Barua Iliyolala Kwenye Kidaka

Sura ya tisa ya mswada wangu ina kurasa nne tu, na hizo nne nimeziandika upya mara 11.

Ninaandika riwaya ya taharuki kwa vijana. Ni habari ya wasichana wawili wa hapa Lamu, wote wana miaka 15, wanapendana kama chanda na pete, mpaka mmoja anapotea usiku wa mwisho wa Maulidi, wakati mji umefurika wageni na kila nyumba imelaza watu hadi darini. Sura nane za mwanzo zilishuka bila taabu. Katika ya tisa msomaji anatakiwa ajue kwamba yule anayebisha hodi mlango kwa mlango, akimtafuta mwenzake kwa machozi, ndiye aliyemficha. Nikifika hapo nakwama.

Kuna wasichana watatu wa mtaani ambao huja kwangu Ijumaa baada ya alasiri, nawasomea nilichoandika nao hunikosoa bila huruma. Mmoja alitaka kujua polisi watakuja lini. Mwingine alisema jina la mvulana ni la kizamani. Wa tatu, ambaye huwa hasemi mpaka chai imekwisha, aliuliza: "Yule aliyemficha mwenziwe, usiku alilala vipi?"

Nilimwambia nitafikiri. Lakini jibu ninalo tangu Januari 2004, na sitaweza kuliandika vizuri kwenye riwaya kabla sijasema nimelipata wapi.

Nina rafiki wa utotoni, na mimi na yeye tuna jina moja. Kwetu wenye jina moja huitana somo, na tangu tukiwa darasa la tatu sijawahi kumwita kwa jina lake, wala yeye kuniita kwa langu. Humu pia atabaki kuwa Somo. Kwao ni Langoni, kwetu Mkomani, mwendo wa dakika kumi kwa Usita wa Mui kama hukukutana na punda waliobeba mchanga. Siku nyingine tulisindikizana mara nne: nimfikishe kwao, anirudishe kwetu, nimfikishe tena, mpaka adhana ya magharibi itutenganishe.

Mtu asiye wa pwani akisikia mwanamke akimwita mwenzake shoga, siku hizi hushtuka, kwa sababu huko kwingine neno limepewa maana nyingine. Kwetu shoga ni mwanamke mwenzio anayejua ulichokula na ulicholilia. Kiamu, lahaja yetu ya Lamu, kina msena pia. Kuna mwandani, kuna sahibu, kuna somo. Kwa wivu wa wake wenza tuna nyimbo, tuna mafumbo, tuna leso zenye majina ya kumchoma mtu roho akiwa anapita tu barabarani. Lakini msichana wa miaka 14 anayelala akihesabu mwenzake leo amecheka mara ngapi na mtu mwingine, huyo sikupata kusikia jina lake. Na kwa kuwa hakuwa na jina, hakuna aliyemwona. Mama akitukuta tumelala mkeka mmoja darini alikuwa akisema, "Alhamdulillahi, hawa wako pamoja." Hofu yote ya mama zetu ilielekezwa kwa wavulana. Msichana aliye na msichana mwenzake alihesabiwa kuwa yuko salama.

Bibi yangu alinifundisha Utendi wa Mwana Kupona kabla sijaukuta kitabuni. Mwana Kupona aliutunga mwaka 1858, naye ni mgonjwa, kumwusia bintiye Mwana Hashima. Humo amehesabu radhi tano ambazo mwanamke hana budi nazo: ya Mungu, ya Mtume wake, ya baba, ya mama na ya mume. Nilikuwa nikizikariri kwa vidole vya mkono mmoja. Mimi nilikuwa na radhi ya sita, nikaitanguliza mbele ya zote, na bibi aliyenifundisha alikuwa ameketi hatua mbili kutoka nami akichambua mchele.

Nataka nieleze ilivyokuwa, kwa sababu wanaoandika habari za wasichana wa namna hii huwafanya waonekane wagonjwa tangu ukurasa wa kwanza, macho yamewatoka. Haikuwa hivyo. Ilikuwa tamu. Tulinunua doti moja ya leso yenye jina "Hasidi hana sababu", tukaikata, kila mmoja akachukua kipande chake. Tulichorana hina ile ile mkono ule ule. Nilijifunza mwandiko wake, ile "g" yake yenye mkia uliojikunja, mpaka mwalimu akawa hajui daftari ni la nani. Alipougua malaria nililala na homa siku mbili, na haikuwa ya kujisingizia, mwili ulichemka kweli.

Usiku tulizungumza jambo moja mpaka linaisha ladha, kisha tunalirudia. Baba yake anakohoa sana. Mwalimu fulani hatupendi. Je, mmoja wetu akifa? Mtafiti wa Marekani, Amanda Rose, alichapisha mwaka 2002 utafiti kuhusu vijana wanaokaa na marafiki zao wakilicheua tatizo lile lile, na aliyoyakuta yalikuwa mawili kwa pamoja: urafiki unakaza, na huzuni na wasiwasi navyo vinazidi. Nilipousoma, nikiwa mtu mzima, niliinuka nikaenda dirishani. Nilikumbuka mbuzi wa jirani, anavyokaa kivulini na taya zinakwenda.

Kisha akaja msichana kutoka Faza, kisiwani Pate. Alihamia kwa shangazi yake, akaanza madrasa yetu, na siku ya pili Somo alimpisha akae kati yetu. Kati. Sikusema kitu. Tulipotoka nilivichukua viatu vyake mlangoni, nikavitupa nyuma ya ukuta wa nyumba bovu. Ilikuwa saa nane mchana, mwezi wa kaskazi, na yule mtoto alikwenda kwao akirukaruka kwa moto wa ardhi. Somo alimpa kiatu chake kimoja wakawa wanachechemea pamoja, wanacheka. Mimi nikifuata nyuma na viatu vyangu vyote viwili miguuni.

Nimesoma riwaya nyingi za taharuki za watu wa nje, na ninachogundua nikijaribu kuandika yetu ni kwamba vifaa vyao havinifai. Wao wana magari, wana barabara kuu usiku, wana nyumba iliyo peke yake msituni. Vichochoro vyetu gari halipiti. Hakuna aliye peke yake Lamu. Mtu akikohoa msana wa yuu, ukumbi wa ndani, nyumba ya pili wanamwombea afya. Kuna wikio, kile chumba kinachovuka juu ya njia kutoka nyumba moja hadi nyingine, na ukipita chini yake usiku husikii kitu ila kanzu yako mwenyewe, lakini unajua kuna mtu juu. Kwa hiyo hofu ya riwaya yangu nimeijenga kwa adabu. Msichana anayeingia nyumba ya mwenzake bila hodi kwa kuwa ni mtoto wa nyumbani. Anayejua ufunguo uko wapi. Anayetumwa, kwa sababu wakubwa humtuma mtoto yeyote aliye karibu, na atakalosema akirudi ndilo litakaloaminiwa.

Katika kutafuta namna wengine walivyolieleza jambo hili nilikutana na kisa cha kweli cha New Zealand, na tangu hapo hakijaniacha. Pauline Parker alikuwa na miaka 16, Juliet Hulme 15. Wote wawili walikuwa wameonja maradhi ya muda mrefu utotoni, Pauline ya mfupa na Juliet ya kifua. Walikutana shule, mjini Christchurch, wakajitungia ulimwengu wao wenye wafalme na nasaba, wakaandika riwaya usiku. Wazazi wa Juliet walipokuwa wanaachana, ikapangwa apelekwe Afrika Kusini. Pauline akataka kwenda naye, na akamwona mama yake mzazi kuwa ndiye kizuizi. Tarehe 22 Juni 1954 walikwenda na mama huyo Victoria Park, wakanywa chai wote watatu, kisha wakashuka njia ya miti, na huko wakamuua kwa kipande cha tofali walichokitia ndani ya soksi. Shajara ya Pauline ilikuwa imeandika mpango wote. Kwa kuwa walikuwa chini ya umri hawakunyongwa; walifungwa mbali mbali, wakaachiliwa baada ya miaka mitano hivi. Juliet alibadili jina akawa Anne Perry, mwandishi wa riwaya za upelelezi anayesomwa dunia nzima, na hadi mwaka 1994 wasomaji wake hawakujua yeye ni nani. Alifariki 2023.

Watu wakikisimulia kisa hiki hubakia kwenye lile tofali. Mimi nilibakia kwenye safari. Wasichana wale waliishi na mapenzi yao yale miaka miwili bila kumgusa mtu. Kilichogeuza mambo ni mtu mzima kusema: mmoja wenu anaondoka. Nilizima simu nikakaa gizani, nasikia boti za Mokowe zikigongana gatini.

Safari ya Somo ilikuja kwa bahasha ya kaki.

Matokeo ya KCPE ya 2003, mtihani wa kumaliza darasa la nane, yalitoka Desemba. Mimi nilipata 268, yeye 391 kati ya 500. Mama yake alipika halwa. Mimi nilijua naitwa wapi: shule ya hapa hapa kisiwani. Yeye aliitwa bweni, bara, mbali, safari ya boti mpaka Mokowe, basi kupitia Witu na Garsen mpaka Mombasa, na basi jingine tena. Barua zilikuja shuleni. Karani alinikabidhi yangu, akatazama jina, akasema, "Na ya somo yako hii, mpelekee."

Nilitoka nazo mbili zimepandana. Nilipofika njia panda ya kwenda Langoni nilikata kwetu.

Nyumba yetu ni ya zamani, ina ukuta wa vidaka chumba cha ndani, zidaka kama wanavyosema wazee, safu juu ya safu za chokaa iliyochongwa. Tangu mji mkongwe ulipoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2001, wageni huomba waingie wavipige picha. Mtunzi wa utenzi wa Al-Inkishafi alipoulilia mji wa Pate ulioporomoka, alitaja madaka yaliyokuwa yamepangwa sahani, na sasa makinda ya ndege hulala humo. Chetu kimoja kilikuwa na sahani ya buluu yenye ufa. Niliitia barua nyuma yake.

Kabla ya kuificha niliifungua, gundi haikuwa imeshika. Nilisoma orodha ya vitu: sanduku la bati, kufuli mbili, godoro, shuka mbili, blanketi la buluu. Ni lile blanketi lililonishinda. Nilimwona amelala amejifunika kitu ambacho sijapata kukiona wala kukigusa, na kitanda cha pili kuna msichana anayeijua sauti yake ya usingizini.

Barua ilikaa siku nane.

Basi, alilala vipi? Alilala vizuri, mwanangu. Hilo ndilo sijalithubutu kuliweka kwenye sura ya tisa. Nililala usingizi mzito kuliko wakati wowote mwaka ule. Mchana nilikwenda na Somo kwa karani kuuliza, na nikahakikisha tunakuta mlango umefungwa. Nilimshika mkono. Nilimwambia subira. Siku ya tano alisema, "Basi tutasoma pamoja hapa hapa," nami nikaona Mungu amejibu.

Na sikuitoa kwa huruma. Niliitoa kwa sababu baba yake alisema kesho atapanda boti kwenda ofisi ya elimu kuuliza, na karani angeulizwa. Usiku ule niliipeleka kwao nikihema, nikasema karani amenipa sasa hivi, alikuwa ameisahau kwenye mtoto wa meza. Walifungua. Siku ya mwisho ya kuripoti ilikuwa keshokutwa, na asiyefika nafasi yake hupewa mwingine.

Baba yake ni mvuvi. Alikuwa na mashine ya boti ya nguvu ya farasi 15 aliyoidunduliza miaka minne, ya kwanza katika ukoo wao. Kama angekuwa na siku nane angekopa, angeuza samaki, angewaita ndugu wa Matondoni. Alikuwa na usiku mmoja. Aliiuza mashine usiku ule ule kwa mtu aliyejua ana dhiki, kwa bei isiyofika nusu. Asubuhi kabla ya kwenda gatini alimsimamisha karani mbele ya watu akamfokea. Karani alinitazama. Nadhani alijua. Alikuwa mtu mpole, hakubishana na mtoto anayelia, na mimi nilikuwa nalia kweli.

Somo alipanda boti na sanduku lisilo na kufuli. Nilisimama jeti mpaka boti ilipopotea. Sikumpungia, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa imeshika kipande cha leso.

Urafiki haukufa. Alirudi likizo, tukasindikizana, ila mara moja tu, si nne. Alisoma, akaolewa Mombasa, ana kazi nzuri na watoto wawili. Tunasalimiana Idi na misiba. Miaka yote hii nimekuwa nikiamini kwamba kilichotupunguza ni umbali, kama maji yanavyopungua yenyewe yakipwa.

Wiki mbili zilizopita nilimtumia haya yote mpaka hapa, kwa simu. Nilimwambia asome kabla sijaonyesha mtu, na kwamba akikataa sitachapisha neno. Sikupata jibu siku tatu. Siku ya nne ulikuja ujumbe wa sauti. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, nyuma kuna mtoto anauliza chumvi iko wapi.

"Somo," alisema, "umekosea mahali. Haikuwa nyuma ya sahani. Ilikuwa nyuma ya chetezo, safu ya pili. Nakumbuka kwa kuwa ilikuwa inanuka udi. Bibi yako alinituma chetezo, siku ya tatu ile. Nikaiona, nikaisoma, nikaikunja kama ulivyoikunja, nikairudisha. Chetezo nikampelekea."

Niliusikiliza mara nyingi. Siku ya tatu. Siku ya tano ndipo aliposema tutasoma pamoja hapa hapa. Niliandika swali moja: mbona hukusema?

Jibu lilikuja usiku, la maandishi, fupi. Alisema naye hakutaka kwenda. Alisema alifikiri barua ikifichwa na mimi dhambi ni yangu, yeye atabaki tu, na hakuna atakayemlaumu. Akaongeza kwamba riwaya niimalizie, lakini nisiandike kana kwamba nilikuwa peke yangu chumba kile.

Kwa hiyo sura ya tisa inabadilika, na pengine sura ya nne pia, na ya saba. Yule aliyefichwa atajua alipo. Atamsikia mwenzake akilia barabarani akimtafuta, naye atajikunja kimya nyuma ya pazia, kwa hiari yake. Wasichana wangu wa Ijumaa watapiga kelele. Sijui kama polisi watapata pa kuingia.

Lakini kuna jambo ambalo si la riwaya. Baba yake bado yupo. Hajapata mashine nyingine tangu mwaka ule. Alirudi kwenye tanga na kasia mpaka mgongo ulipokataa, na sasa hushinda kwenye viti vya saruji karibu na jeti, akishona nyavu za watu. Karani alikufa kabla yetu sote kusema. Huyu bado anasikia vizuri. Nilimwandikia Somo: tumwambie? Akasema akija Maulidi. Tumekubaliana tutakwenda wawili, yeye akae kulia na mimi kushoto, na tumekubaliana juu ya mashine pia, tumeshaulizia bei.

Jana jioni nilimpitia. Nikamsalimia, akaitikia bila kuinua macho kwenye sindano, kisha akaniuliza kama somo yangu amenipigia.

Nikamwambia amepiga.